Sawazisheni kelele kwanza, ndipo mpime joto

Kwa Mhariri,

Jedwali la feni za kompyuta mlilochapisha katika ukurasa wa teknolojia limepanga feni kwa kasi. Iliyozunguka mara nyingi zaidi kwa dakika imepewa nafasi ya kwanza, na pembeni pakawekwa joto la prosesa (ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta) pamoja na desibeli (kipimo cha kelele) zilizonakiliwa kutoka kwenye boksi. Mwenye saiba wa Kondele, au mwalimu wa maabara ya kompyuta kule Bondo, akilifuata jedwali hilo atanunua feni yenye nguvu na makelele, ambayo si lazima iwe feni bora. Feni yoyote ukiifungulia hadi mwisho itapoza. La kuuliza ni inapoza kiasi gani kwa kelele ambayo watu waliomo chumbani wanaweza kuivumilia kutwa nzima, na jibu halipatikani mpaka feni zote zipimwe zikiwa na kelele sawa.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayozua ubishi. Hewa inayosukumwa na feni hupanda na kushuka sambamba na kasi yake. Mengine hayaendi hivyo. Ukipunguza kasi kwa nusu, hewa hupungua nusu, lakini shinikizo hubaki robo, umeme unaoliwa na mota hubaki thumuni, na kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi. Sikio la kawaida huona desibeli 10 kuwa ni kelele iliyopungua kwa nusu, kwa hiyo 15 si mchezo. Hata ukishuka kidogo tu, toka mizunguko 2,000 kwa dakika hadi 1,400, umepoteza asilimia 30 ya hewa ila umepunguza karibu desibeli 8. Prosesa itapanda nyuzi chache, na aliye mezani atahisi kama mtu amefunga dirisha la upande wa barabara.

Sasa chukua feni mbili zinazofanana kwa mapanga, fremu na beringi, ila moja imewekewa mota ya 2,000 na nyingine ya 1,400. Katika jedwali lenu, ya kwanza itashinda kwa joto na ya pili itashinda kwa kelele, na msomaji ataamini anachagua kati ya bidhaa mbili. Ni feni ile ile. Ishushe ya kwanza hadi 1,400 na hutaona tofauti hata ukipima wiki nzima.

Kuhusu desibeli za kwenye boksi, tatizo si kwamba kila mtengenezaji ni mwongo. Feni hupimwa ikiwa peke yake, katika chumba kisicho na mwangwi, mara nyingi maikrofoni ikiwa mita moja kutoka kwenye feni, bila hitisinki (lile bonge la mapezi ya chuma linaloondoa joto la prosesa) mbele yake wala wavu nyuma yake. Hewa nayo hutajwa kwa namna hiyo hiyo. Feni ya Noctua ya NF-A12x25, kwa mfano, imeandikwa mita za ujazo 102.1 kwa saa, shinikizo la milimita 2.34 za maji, desibeli 22.6, zote kwa kasi ya 2,000. Hiyo 102.1 ni wakati hakuna chochote kinachoizuia hewa. Hiyo 2.34 ni wakati hewa imezibwa kabisa na hakuna kinachopita. Hakuna kompyuta inayopata vyote viwili kwa pamoja. Ndani ya kasha feni huwa mahali fulani katikati, na feni mbili zenye namba zinazokaribiana kwenye boksi zinaweza kuachana sana hapo katikati. Kwa feni za bei ya chini hali ni mbaya zaidi, kwani utakuta boksi za feni za ukubwa na kasi tofauti zimeandikwa desibeli zile zile. Hapo namba inayosaidia ni ampea zilizo kwenye stika ya mota. Feni ya milimita 120 iliyoandikwa volti 12 na ampea 0.10 mara nyingi haina nguvu ya ile ya ampea 0.30, hata kama boksi zinadai hewa sawa.

Kupima joto si kazi ngumu, ila ina mitego. Mtego mkubwa kwa mji kama Kisumu ni joto la chumba. Feni ya kwanza ikipimwa saa nne asubuhi chumba kikiwa nyuzi 26, na ya pili saa nane mchana chini ya mabati chumba kikiwa nyuzi 30, tofauti ya nyuzi nne imeshaingia hata kabla hujawasha kompyuta. Feni nzuri mbili za ukubwa mmoja, zikisawazishwa kelele, mara nyingi huachana kwa nyuzi mbili au tatu tu. Tofauti yote imemezwa na jua. Dawa yake ni kutoandika joto la prosesa peke yake, bali joto la prosesa ukitoa joto la chumba. Prosesa ikisoma 71 na hewa inayoingia ni 29, andika 42. Kipimajoto kiwekwe hapo hapo hewa inapoingilia, kama sentimita 10 mbele ya kasha. Ukikiweka ukutani karibu na dirisha au juu ya skrini, utapima ukuta na skrini. Jedwali lenu halikutaja joto la chumba hata mara moja, na kwa hilo pekee safu nzima ya joto haina maana.

Mtego wa pili ni mzigo usiotulia. Mchezo wa video haufai, maana dakika hii prosesa inahema na dakika ijayo imepumzika. Tumia programu inayoishika prosesa kwa mzigo mmoja, kama Prime95 kwenye Windows au stress-ng kwenye Linux. Kabla ya hapo ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) uzime ile hali ya prosesa kujiongezea kasi yenyewe, au uwekee kikomo cha wati, tuseme 65. Usipofanya hivyo, prosesa ikipata feni nzuri itajiongezea kasi, itakula umeme zaidi, na joto litarudi pale pale. Utasema feni haikusaidia, kumbe ilisaidia na faida yake imeliwa.

Acha mzigo uende dakika 30. Mapezi ya alumini hushika joto taratibu, na hewa ya ndani ya kasha huchelewa zaidi kutulia. Dakika ya 25, futa wastani uliokusanywa kwenye HWiNFO (programu inayosoma sensa za kompyuta) uanze upya, kisha usome wastani wa dakika tano za mwisho. Usisome kilele, kwani kilele ni cha sekunde moja na hakisemi kitu kuhusu feni. Unapobadilisha feni, usiing'oe hitisinki. Ukiing'oa itabidi upake upya ile pesti ya joto iliyo kati yake na prosesa, na upakaji wa mara ya pili hauwi kama wa kwanza. Tofauti ya nyuzi mbili inaweza kutoka kwenye pesti pekee. Fungua vishikizo vya feni tu, toa, weka nyingine, endelea. Kila feni ipimwe mara tatu, na sensa za prosesa zikiwa zinasoma kwa nyuzi nzima nzima, feni zinazopishana kwa nyuzi moja zihesabiwe kuwa sare.

Kelele ndiyo inayowashinda wengi, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Simu inatosha. Desibeli inazoonyesha si za kuaminika zenyewe, kwa sababu maikrofoni ya simu haikupimwa na maabara yoyote, lakini simu moja, programu moja na umbali mmoja vitakuambia ipi ina kelele kuliko ipi na kwa desibeli ngapi. Kinachoharibu ni kelele za nje. Mchana katikati ya mji, boda boda, jenereta na spika za dukani huifanya simu isome 45 au 50 hata feni zikiwa zimezimwa, na feni ya desibeli 35 haionekani humo. Kanuni ni kwamba feni ikiwa inazunguka, simu isome angalau desibeli 10 juu ya ile ya feni ikiwa imezimwa. Ikifika hapo, kosa linalobaki ni kama nusu desibeli. Ikiwa simu inasoma 35 kimya na 38 feni ikizunguka, feni si 38 wala si 3. Feni yenyewe ni 35, sawa kabisa na kelele ya chumba, kwa kuwa kelele mbili zilizo sawa zikijumlishwa huongeza desibeli 3 tu.

Kwa hiyo pima usiku mji ukishalala, pangaboi likiwa limezimwa na friji imechomolewa. Usipime mvua ikinyesha. Wa Kakamega wanajua mvua ya alasiri inavyopiga mabati. Hata feni ya seva haisikiki. Kisha sogeza simu karibu. Umbali ukipungua kwa nusu, kelele ya feni huongezeka desibeli 6 hivi huku kelele ya nje ikibaki ilivyo. Toka mita moja hadi sentimita 20 umeongeza 14, na feni iliyokuwa imezama sasa imeibuka. Usizidishe ukaisogeza hadi sentimita 5, maana hapo kugeuka kidogo tu kwa simu kunabadilisha namba. Simu isikae kwenye njia ya upepo vilevile. Upepo ukipiga maikrofoni husomeka kama kelele, na feni inayosukuma hewa vizuri itaadhibiwa kwa sababu ya uzuri wake. Iweke ubavuni, nje ya mkondo, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mtetemo wa meza usipande.

Halafu kuna feni nyingine ndani ya kasha lile lile, za kadi ya picha, ya pawa saplai, na diski inayozunguka. Hapa pana njia ya mkato wanaoijua mafundi. Kelele ya feni hutegemea kasi yake na mahali ilipofungwa, haitegemei kama prosesa ina moto au la. Kwa hiyo kelele ipimwe kompyuta ikiwa imepumzika, feni nyingine zikiwa zimechomolewa kwa dakika moja na pawa saplai ikiwa kwenye mzunguko wake wa chini. Andika ni kwa kasi gani feni inatoa desibeli unazotaka. Kisha rudisha kila kitu, funga kasha, iweke feni kwenye kasi ile ile, anza mzigo wa dakika 30. Kelele na joto si lazima vipimwe kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe sasa ni hii. Chagua ngazi tatu za kelele kwa sentimita 20, tuseme 36, 40 na 44. Kwa kila feni tafuta kasi inayoipeleka kwenye kila ngazi, kwa BIOS au kwa programu ya FanControl. Feni moja itafika 40 kwa mizunguko 1,150, nyingine kwa 1,400, na hilo halikuhusu. Pima joto kwa kasi hizo. Kinachobaki ni safu tatu za joto juu ya joto la chumba, na hapo ndipo feni bora hujitokeza. Wakati mwingine mshindi wa ngazi ya 36 si mshindi wa 44. Feni ya mapanga mengi yaliyosongamana inaweza kuwa nzuri kwa kasi ndogo na kuanza kupiga mluzi ikiharakishwa. Msomaji wa nyumbani anahitaji ngazi ya 36. Mwenye saiba iliyo kando ya barabara ya Oginga Odinga anaweza kuishi na 44, maana matatu zitaifunika.

Desibeli haisemi yote, nasi hatudai hivyo. Feni mbili za desibeli 40 zinaweza kutofautiana sana sikioni ikiwa moja ina mvumo wa upepo tu na nyingine ina mlio mmoja unaochoma. Mlio huo una asili inayohesabika: gawa mizunguko kwa 60, zidisha kwa idadi ya mapanga. Mapanga 7 kwa mizunguko 1,200 hutoa mlio wa hezi 140; mapanga 9 hutoa 180. Programu za simu zinazochora masafa ya sauti huonyesha nguzo ndefu hapo hapo, na ikiwa nguzo imepanda juu sana kupita majirani zake, andika kwenye jedwali kwamba feni hii inaimba. Mara nyingine mlio hutoka kwenye bati la kasha linalotetema kwa kasi fulani tu. Pandisha kasi polepole kutoka chini hadi juu huku umeweka kiganja juu ya kasha. Mkono utajua kabla ya sikio. Tiba ni vishikizo vya mpira badala ya skrubu, au kuikwepa kasi ile kwenye mpangilio wa BIOS kwa kuiruka mizunguko 100 juu au chini.

Jambo ambalo jedwali la Nairobi au la Ulaya haliwezi kuwaambia watu wa huku ni mwinuko. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, Nakuru zipatazo 1,850. Feni husukuma ujazo, haisukumi uzito, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa joto moja, hewa ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama thumuni, na ya Nakuru kwa kama moja ya tano. Kompyuta inayotoa wati 150 za joto, hewa ikipita mita za ujazo 50 kwa saa, itaipasha hewa hiyo kwa nyuzi 9 hivi ikiwa Mombasa, 10 na nusu ikiwa Kisumu, na zaidi ya 11 ikiwa Nakuru. Nakuru hujifidia kwa baridi yake. Chumba cha nyuzi 25 huko bado kinamshinda jirani wa Kisumu mwenye nyuzi 30. Kisumu ndiyo imekosa pande zote mbili, hewa si nzito kama ya pwani na joto si dogo kama la bonde la ufa. Mtu wa hapa akiona feni imejaribiwa Ujerumani kwenye chumba cha nyuzi 20, aongeze nyuzi 10 za chumba, kisha aongeze kidogo kwa wepesi wa hewa, ndipo apate picha ya kompyuta yake.

Vumbi nalo hubadilisha mshindi. Feni ikipimwa bila chujio, ile yenye hewa nyingi na shinikizo dogo hupendeza. Weka chujio, au hata soksi ya nailoni ambayo wengi huku huivalisha kasha, na feni ya shinikizo kubwa itaipita. Kwa hiyo majaribio ya kwetu yafanywe na chujio likiwa mahali pake. Ukitaka kuwa mkweli zaidi, pima chujio likiwa safi na baada ya wiki mbili za murram. Ni vizuri pia feni za kuingiza hewa zizidi kidogo zile za kutoa, ili hewa ipite kwenye chujio badala ya kunyonywa kupitia kila ufa wa kasha. Wanaokaa karibu na ziwa wana adha nyingine, wale wadudu wadogo wanaotanda kama moshi majira yao yakifika. Hufuata mwanga usiku. Feni zenye taa za rangi saba zikiwa zimeelekea dirishani huwaita, nao hukwama kwenye mapezi na kufanya tandiko lenye grisi ambalo blowa haliling'oi. Kama lazima ununue feni ya taa, zima taa usiku, au kubali kupiga brashi kila wiki.

Wavu wa bati lenye matundu madogo lililobanana na mapanga hufanya feni ilie, hasa upande wa kunyonya. Hewa hufika kwenye mapanga ikiwa imeshavurugwa. Kuisogeza feni milimita 5 hadi 10 kutoka kwenye bati, kwa spesa za plastiki, hupunguza kelele bila kupunguza hewa. Wavu wa waya wa mviringo ni bora zaidi. Ndiyo maana feni iliyopimwa mezani na feni iliyopimwa ndani ya kasha zisichanganywe katika jedwali moja.

Kuhusu kuongeza idadi ya feni, makala yenu yalisema feni nyingi huleta kelele nyingi. Hilo ni kweli nusu. Feni mbili zinazofanana kwa kasi moja huongeza desibeli 3. Lakini zikipunguzwa kasi kwa asilimia 13 tu, jumla ya kelele yao inarudi kuwa ile ya feni moja, na zikiwa sambamba pasipo kizuizi zinasukuma hewa karibu mara 1.7. Ndani ya kasha lenye vizuizi faida hupungua, ila ipo. Feni moja ya milimita 140 ikizunguka polepole mara nyingi hufanya kazi hiyo hiyo kwa waya mmoja.

Maabara za shule ndizo zinazoumia zaidi na hesabu hizi. Kompyuta 30 za mezani zenye kelele sawa, kwa umbali sawa, hutoa desibeli karibu 15 zaidi ya kompyuta moja. Mwalimu anapandisha sauti, wanafunzi wa nyuma hawasikii, na lawama inamwendea mwalimu. Kupunguza kasi ya kila feni kwa asilimia 20 kwenye BIOS huishusha maabara nzima kwa karibu desibeli 5 bila kununua chochote, mradi mapezi yasafishwe kwanza. Nyingi za kompyuta hizo ni mitumba kutoka Uingereza, za Dell na HP za ofisini, na baadhi yake zina soketi za feni zisizo za kawaida. Feni ya dukani yenye pini 4 za kawaida haitaingia, au itaingia na kompyuta ikawaka ikilalamika kuwa feni imekufa. Kabla ya kuagiza feni 30, fungua kompyuta moja uhesabu pini.

Kwa soketi za kawaida, waya tatu za kwanza ni hizi: wa ardhi, wa volti 12 na wa kuhesabu mizunguko. Waya wa 4 ndio unaoleta amri ya kasi. Feni ya waya 3 ikichomekwa kwenye soketi iliyowekwa katika hali ya waya 4 itazunguka kwa kasi yote, na mpimaji asiyejua ataandika kuwa feni ni ya kelele. Badilisha hali ya soketi kwenye BIOS iwe ya volti. Soketi nyingi za madabodi (bodi kuu ya kompyuta) huvumilia ampea 1, kwa hiyo waya wa kugawanya feni tano za ampea 0.30 kutoka soketi moja ni njia ya kuunguza bodi.

Beringi zinafaa kutajwa kwa ufupi. Bushi, yaani beringi ya pete laini isiyo na gololi, huwa kimya ikiwa mpya na hulia ikikauka, na hukauka upesi feni ikilazwa chali kutazama juu. Beringi ya gololi ina mvumo kidogo tangu siku ya kwanza lakini huvumilia joto na mkao wowote. Ya mafuta yaliyofungiwa ndani hukaa kimya muda mrefu na ndiyo ya kununua kwa chumba cha kulala. Feni ipimwe baada ya kuzunguka saa kadhaa, maana bushi mpya hubadilika. Bushi iliyoanza kukwaruza hupewa tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani chini ya stika. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi. Wakati wa kupuliza vumbi, shika mapanga kwa kidole. Blowa likiizungusha feni kupita kasi yake, beringi ndiyo inayolipa.

Tunaomba jedwali lichapishwe upya likiwa na safu hizi: ngazi ya kelele na umbali wa simu, kelele ya chumba feni zikiwa zimezimwa, kasi iliyofikia ngazi hiyo, joto la prosesa juu ya joto la hewa inayoingia, wati za prosesa, chujio lilikuwepo au halikuwepo, na aina ya beringi. Safu ya desibeli za boksi iondolewe. Na picha ya kila feni ipigwe upande wenye stika, ili ampea zisomeke.

Mafundi wa kompyuta,
Kondele, Kisumu